Transfoma ya 33 kV imekaguliwa bila kuzimwa, tumepewa cheti, sasa watu wanapigwa shoti (Nala, Dodoma)

Mkamuzi wa Nala

Mbukwenyi wadau. Naombeni mawazo ya wenye uzoefu na umeme mkubwa maana kwa kweli silali vizuri.

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kukamua alizeti huku Nala. Sio fundi umeme, ila usalama wa watu wa zamu yangu ni jukumu langu. Laini ya 33 kV (volti 33,000) inaingia mpaka kwetu, mita iko upande wa umeme mkubwa (bili yetu ni T3-MV), transfoma ni mali yetu, 315 kVA, imekaa chini kwenye zege nyuma ya ghala la mashudu na imezungushiwa uzio wa waya. Kutoka pale umeme unaingia kwenye pani (kabati la breka) kubwa ya 400 V, na pembeni kuna jenereta la akiba.

Mwezi wa tatu bosi alileta watu wa ukaguzi. Wakaja vijana wawili na kidude cha kupimia, wakazunguka uzio wanapiga picha, wakachomeka vifimbo ardhini hatua chache tu kutoka kwenye rodi ya ethi (chuma kilichozikwa cha kupeleka umeme unaovuja ardhini), wakasoma wakasema ukinzani ohm 3.8, safi kabisa. Umeme haukuzimwa hata dakika moja, mashine zikaendelea kukamua, wiki iliyofuata cheti kikaja kina muhuri na kipo ukutani ofisini mpaka leo.

Sasa kuanzia mwezi wa nane opereta wa mashine namba mbili akawa analalamika kwamba akigusa bodi ya mashine anahisi kuchomwa chomwa vidoleni. Mwanzo tukadhani ni maneno tu. Juzi dada wa usafi kagusa mlango wa pani na mikono mibichi, mkono ukarushwa nyuma na akakaa chini kwa mshtuko, tumempeleka zahanati, yuko sawa kwa sasa. Fundi wetu akapima kwa malti mita kati ya bodi ya pani na udongo wa nje akapata volti 60 na kidogo. Nimemwambia bosi, jibu ni kwamba cheti tunacho, na huu ndio msimu mzigo unaingia kutoka Kongwa, Singida na kote huko, hakuna kuzima.

Naomba kujua, ukaguzi wa umeme mkubwa unaweza kukamilika bila kuzima? Na kwanini ethi iliyokuwa nzuri mwezi wa tatu leo watu wanapigwa? Na nani hasa ana sifa ya kukagua kitu kama hiki, maana mi nisingependa nilete tena watu wa picha.

Fundi Chamwino

Mkuu kabla ya nadharia yoyote, hiyo pani na hiyo mashine namba mbili watu wasiziguse kuanzia sasa. Volti 60 kwenye bodi sio ya kusubiri kesho, mtu mwenye viatu vikavu anahisi kuchomwa, mwenye miguu mibichi juu ya sakafu yenye mafuta anaanguka. Zima mashine namba mbili kwenye breka yake, piga kufuli, alafu mwambie fundi apime tena. Volti zikishuka basi mvujo uko kwenye mota au kebo ya mashine hiyo. Zisiposhuka azime moja moja mpaka ampate mwenye kosa. Hiyo kazi haihitaji kiwanda kizima kusimama, inahitaji nusu saa, bosi hawezi kukataa hiyo.

Sasa kwanini mwezi wa tatu ilikuwa sawa. Huku kwetu mvua inaanza Disemba inaisha Aprili, baada ya hapo ardhi inakauka mpaka inapasuka. Rodi ya ethi inategemea unyevu wa udongo unaoizunguka, udongo ukikauka ukinzani unapanda mara nyingi sana, sio kidogo. Chukulia kuna ampia 2 zinavuja kutoka kwenye mota iliyochoka kuja kwenye bodi na zinarudi kupitia rodi tu. Ethi ikiwa ohm 3.8 bodi inapata volti kama 8, hakuna anayehisi. Ethi ikipanda kufika ohm 30, ampia zile zile 2 zinaipa bodi volti 60. Umeona? Mvujo huenda ulikuwepo tangu mwezi wa tatu, kilichobadilika ni udongo. Ndio maana mi kila siku nasema Dodoma ethi inapimwa Septemba au Oktoba wakati ardhi iko kwenye hali mbaya kuliko zote. Ukipima baada ya mvua unajipima ukiwa umeshiba.

Na breka haijaruka kwa sababu hiyo hiyo. Hata waya laivu ungegusa bodi moja kwa moja, volti 230 kupitia ohm 40 ni karibu ampia 6, breka ya ampia 63 hata haijui kama kuna tatizo.

Ila kuna kitu kinanitia wasiwasi zaidi. Kwenye mfumo wenye transfoma yenu wenyewe, bodi za mashine zilitakiwa ziwe zimeungwa kwa waya wa shaba mpaka kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya transfoma, yani mvujo urudi kwa waya sio kwa udongo, na hapo mvujo mkubwa breka inaruka bila kujali ardhi imekauka au la. Kama mnategemea udongo peke yake kuna uwezekano huo waya umelegea, umeoza au umekatwa. Fuata huo waya kwa macho kutoka kwenye pani mpaka kwenye transfoma, mita kwa mita.

Mhandisi Mkonze

Fundi Chamwino kaeleza vizuri, naongezea kwenye swali la kwanza. Jibu fupi, hapana. Kuna vitu vinakaguliwa umeme ukiwepo na kuna vitu haviwezekani kabisa bila kuzima, na vile vya kuzima ndio moyo wa ukaguzi.

Umeme ukiwepo na mzigo ukiwa umepanda ndio wakati wa kamera ya joto. Transfoma yenu ikiwa na mzigo kamili upande wa 400 V inabeba kama ampia 455 kila fezi, wakati upande wa 33 kV ni ampia 5 na nusu tu. Kwahiyo joto la hatari mara nyingi utalikuta upande mdogo, kwenye lagi (vichwa vya chuma) za kebo nene, kwenye nati iliyolegea, kwenye breka kuu. Unalinganisha fezi tatu zenye mzigo sawa, moja ikiwa imepanda nyuzi 20 au 30 kuliko wenzake hapo kuna kiungo kibovu. Pia unasikiliza transfoma kama ina mlio wa kukwaruza tofauti na ule mvumo wa kawaida, unaangalia mafuta kama yamevuja kwenye gasketi, geji ya mafuta inasoma ngapi, na kama ni aina yenye konserveta (tangi dogo la mafuta juu yake) unaangalia silika jeli, zile chembe za kufyonza unyevu. Ile ya bluu ikigeuka waridi imejaa unyevu, badilisha. Usawa wa mafuta usipuuzwe, kuna watu wanaiba mafuta ya transfoma usiku na koili ikibaki haijazama inaungua mchana kweupe.

Sasa hayo yote hayakuambii kama insulesheni ya ndani, yani kinga inayozuia umeme usivuje kutoka kwenye koili, iko hai. Hiyo ni kazi ya mega (kipimo cha insulesheni kinachotumia volti kubwa) na lazima transfoma iwe imezimwa, imetolewa kebo pande zote. Unapima koili kubwa kwa koili ndogo, kubwa kwa bodi, ndogo kwa bodi. Upande wa 33 kV unatumia mega ya volti 5000, upande wa 400 V unatumia 1000, unashikilia dakika moja nzima ndio unasoma, na unaandika joto la mafuta pembeni maana insulesheni ikipanda nyuzi 10 usomaji unashuka karibu nusu. Na usisahau kufungua kiungo cha nyutro na ethi kabla ya kupima upande mdogo, vinginevyo utasoma sifuri utangaze transfoma imekufa wakati ni nzima. Namba moja peke yake haisemi mengi, kinachosema ni ya mwaka huu ukiilinganisha na ya mwaka jana. Ndio maana naumia nikiona cheti kisicho na vipimo, kwa sababu mwakani hamna cha kulinganisha.

Mafuta nayo yatolewe sampuli kwenye valvu ya chini, ya kwanza unayamwaga pembeni kwenye chombo, unachukua kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Yanapelekwa kwenye mashine inayopima mafuta yanastahimili volti ngapi kabla cheche haijapita, pengo la milimita 2.5 kati ya vichwa viwili, inapigwa mara sita unachukua wastani. Kwa transfoma ya daraja hili iliyoko kazini, ikivuka 40 kV ni nzuri, kati ya 30 na 40 ni ya kuangaliwa kwa karibu, chini ya 30 yasafishwe au yabadilishwe.

Na hiyo ethi, tena hapa nakuomba uwe mkali. Kuipima rodi peke yake kwa kawaida inabidi uifungue kutoka kwenye mfumo, na ethi HAIFUNGULIWI mfumo ukiwa na umeme, anayeifungua anaweza kuwa yeye ndio njia ya umeme kwenda ardhini. Kwahiyo wale vijana kama hawakuzima, walipima rodi ikiwa imeungana na vyuma vyote vingine na namba ikatoka nzuri. Alafu vifimbo hatua chache! Kifimbo cha mkondo kinapelekwa mbali, mita 40 au 50 kwa rodi za kawaida, kile cha volteji kinakaa kwenye 62% ya umbali huo, kisha unakisogeza mbele na nyuma kuona kama namba inatulia. Vikikaa karibu na rodi usomaji unakudanganya, unatoka mdogo kuliko ukweli.

Kijana wa Manyoni

Niongeze jambo la vumbi maana wengi hawalijui. Upepo wa huku mwezi wa tisa na kumi unapaka vumbi jekundu kwenye bushingi (kauri ambazo umeme unapitia kuingia kwenye transfoma) na vikombe vyote vya laini, na kwenye kiwanda cha alizeti kuna vumbi la maganda lenye mafuta mafuta juu yake. Likiwa kavu halina shida. Shida ni ile mvua ya kwanza ya manyunyu, sio mvua kubwa, manyunyu. Mvua kubwa inaosha, manyunyu yanalowesha vumbi linakuwa njia ya umeme juu ya kauri, unasikia mlio wa chiii usiku unaona mwanga wa bluu unatambaa, alafu paaa. Nilikuwa mlinzi kwenye mashine moja ya kusaga huku tukashuhudia hivyo, fyuzi ya juu ilidondoka na bushingi imepasuka, bahati nzuri hakuna mtu alikuwa ndani ya uzio.

Kwahiyo mkizima Oktoba mnapima ethi ikiwa kwenye ukavu wake na mnafuta bushingi kabla ya mvua, kwa kuzima mara moja.

Mkamuzi wa Nala

Nashukuruni sana wakuu. Mashine namba mbili tumeizima na kufuli liko, volti kwenye pani zimeshuka mpaka 11. Kwahiyo mvujo mkubwa ulikuwa huko.

Nimerudi kwa bosi na maelezo yenu, amelainika kidogo, amekuja na mambo mawili. La kwanza anasema tumwagilie maji na chumvi kwenye shimo la ethi kila wiki itakuwa sawa. La pili kama ni lazima kuzima umeme basi tuwashe jenereta ili mashine mbili ziendelee wakati mafundi wako kwenye transfoma. Mnaonaje?

Fundi Chamwino

La pili LISIFANYIKE mpaka mkaguzi mwenyewe aone kwa macho namna jenereta lilivyotenganishwa. Sikiliza vizuri mkuu, na umsomee bosi hapa. Transfoma haina mbele wala nyuma. Ukiingiza 400 V kutoka kwenye jenereta upande wa chini, juu inatoka 33 kV, ile ile. Fundi ameshafungua fyuzi za juu, anaamini pamekufa, kumbe jenereta linapandisha umeme kwa kinyumenyume na yeye kashika bushingi. Na fyuzi zikiwa bado hazijafunguliwa mnaweza kuua hata fundi wa TANESCO aliyeko kwenye nguzo barabarani ambaye hajui kama nyie mpo. Inatosha swichi ya kubadilishia iwe mbovu au mtu awe ameiruka kwa waya, na nimekuta viwanda vimeiruka. Siku ya ukaguzi jenereta lizimwe, betri ichomolewe, ufunguo akae nao mkaguzi. Kama mna paneli za sola zenye invata nazo ni hivyo hivyo.

Maji na chumvi, hapana. Maji yanashusha namba kwa siku mbili tatu, jua la Dodoma likipiga imerudi pale pale, na chumvi inakula rodi na viungo vya shaba. Ongezeni rodi, zishuke chini zaidi kwenye unyevu, zipeane nafasi angalau sawa na urefu wa rodi yenyewe, mziunge kwa shaba, na mkiweza mzungushie bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi ambayo inashika unyevu kwa muda mrefu. Na mtu akija kupima ukamwona anamwaga ndoo ya maji kwenye shimo kabla ya kupima, mrudishe alikotoka.

Mhandisi Mkonze

Naunga mkono kabisa la jenereta. Niseme na namna ya kuzima maana hapo ndipo wengi wanaumia, sio kwenye kupima.

Unaanza chini unakwenda juu. Mashine zote zizimwe, kisha breka za matawi, kisha breka kuu ya 400 V, transfoma ibaki haina mzigo. Ndipo fyuzi za kudondosha upande wa 33 kV zifunguliwe kwa fimbo yake, na hizo kwa kawaida ziko mikononi mwa TANESCO kwahiyo muombe kuzimiwa mapema kwa barua, msimpandishe kishoka na ngazi. Ukidondosha fyuzi zile mzigo ukiwepo unatengeneza cheche ndefu ya moto, na joto la cheche ya namna hiyo linaweza kufika nyuzi joto 19,000, nguo inashikana na ngozi. Baada ya kufungua, kufuli na tagi yenye jina la aliyefunga. Kisha unapima kama pamekufa kweli, kwa kipimo cha 33 kV sio testa ya bisibisi, na kipimo chenyewe unakihakiki kwanza mahali penye umeme, unapima, alafu unakihakiki tena. Fezi zote tatu, sio moja ukaridhika. Kisha unafunga ethi ya muda, unaanza kuiunga ardhini ndio unaipeleka kwenye fezi, kutoa ni kinyume chake. Kama kuna kitu jirani bado kina umeme kizuiwe kwa kizuizi cha kweli. Na kapasita za kurekebisha pawa fakta kwenye pani msizisahau, zina chaji hata baada ya kuzima, subirini dakika kadhaa kisha zishotishwe kwa waya wenye mpini.

Hatua hizo zikikamilika ndio mtu anavuka uzio na mega yake. Mkaguzi akifika akaanza kufungua boksi bila hatua hizo, mtoe nje hata kama ana vyeti kumi.

Jirani wa Ihumwa

Mi sio fundi ila naishi karibu na reli ya SGR, tangu treni zianze kufika Dodoma mwaka 2024 tumeambiwa sana kwamba ile waya ya juu ni 25 kV na sio lazima uguse ndio upigwe, ukisogea karibu tu umeme unaruka hewani. Sasa 33 si ndio zaidi? Huo uzio wenu una geti lenye kufuli? Maana hata hapa mtaani nimeona transfoma ya kiwanda kimoja mbuzi wanaingia kula majani ndani.

Mkamuzi wa Nala

Jirani umenigusa, majani yapo na kufuli lilikuwa la kawaida linafunguka kwa msumari. Limebadilishwa leo. Chini kulikuwa na kokoto zamani ila zimezama kwenye vumbi huwezi hata kuziona.

Mhandisi Mkonze

Hizo kokoto sio mapambo mkuu. Kokoto safi za sentimita 10 hivi zinazuia umeme usipite kirahisi kwenye miguu ya mtu aliyesimama karibu na transfoma wakati kuna hitilafu ya ardhini. Hitilafu ya upande mkubwa ikimwaga tuseme ampia 200 kwenye ethi yenye ohm 10, bodi ya transfoma na kila kilichoungwa nayo kinapanda volti 2000 kwa ule muda mpaka kinga ikate. Aliyeshika bodi yuko kwenye hizo volti. Hata asiyeshika kitu, mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma kuna tofauti ya volti kati ya nyayo. Kokoto zichekechwe zirudishwe, majani yang'olewe, uzio wa chuma nao uungwe kwenye ethi, na geti liungwe kwa waya laini unaojikunja. Na ethi ya bodi ya transfoma na areseta (kinga ya radi) muione kama imetenganishwa na ile ya nyutro, maana ohm zikiwa nyingi hivyo hizo volti 2000 hamtaki zipite kwenye nyutro ziingie kiwandani.

Mama Usalama

Nimefanya kazi ya usalama viwandani miaka mingi kati ya Dodoma na Morogoro, niseme upande wa nani anakagua na namna ya kuongea na bosi.

Mkaguzi wa kuajiri lazima awe na leseni ya EWURA ya kazi za umeme, na leseni zina madaraja. Usiulize tu kama anayo, iombe uione, angalia daraja lake linamruhusu kwenye volteji gani na tarehe ya mwisho wa leseni. Fundi wa nyumba ni fundi mzuri tu ila 33 kV sio uwanja wake. Mhandisi atakayesaini ripoti awe amesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi). Hilo ni tofauti na ukaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), wao wana wakaguzi wao wa umeme chini ya sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, na kumpata mkandarasi hakuondoi wajibu wenu kwa OSHA. Huyo dada wa usafi aliyepigwa shoti, ajali yake iandikwe kwenye rejista na itolewe taarifa, msiifiche, kesho akipata tatizo la moyo mtaulizwa.

Ripoti uikague kabla ya malipo ya mwisho. Ikae na namba za mega za kila kipimo na joto lake, matokeo ya mafuta, ethi ya kila rodi na tarehe na ramani ya vifimbo vilichomekwa wapi, picha za kamera ya joto zenye mzigo wa siku hiyo, modeli na namba ya kifaa na lini kilihakikiwa. Na orodha ya kasoro na lipi la haraka. Ripoti isiyo na kasoro hata moja kwenye kiwanda chenye mavumbi ya miaka, mi siiamini.

Kwa bosi usiende na maneno ya kutisha, nenda na ratiba. Mwambie Jumapili moja, kuanzia alfajiri, mafuta sampuli, mega, ethi, kufuta bushingi, kukaza nati za pani, jioni kinawaka. Alafu muoneshe upande wa pili, transfoma ikiungua katikati ya msimu ni wiki ngapi hajakamua na alizeti imejaa ghalani. Na muulize kwa heshima, mtu akifa pale kwenye pani hicho cheti cha mwezi wa tatu kitamsaidia nini mbele ya mkaguzi wakati msimamizi wake alishamwandikia kuhusu volti 60. Andika, mwanangu. Barua fupi, tarehe, nakala ubaki nayo.

Mkamuzi wa Nala

Mrejesho wadau. Barua niliandika, bosi ameisoma na ameniita, hakugomba. Tumefuata waya wa ethi kama Fundi Chamwino alivyosema. Kutoka kwenye pani unaonekana vizuri umekaa kwenye klipu ukutani, unashuka ardhini kwenye kona ya ghala, alafu upande wa transfoma unatokeza mkia wa kama futi moja umekatwa kwa msumeno, hauna kitu. Tulipochimba kati ya pale hakuna shaba kabisa, udongo ulishashindiliwa na magurudumu ya magari, yani waliiba zamani na hakuna aliyejua. Ukiangalia juu juu pande zote mbili unaona waya upo.

TANESCO tumepeleka barua ya kuzimiwa, tumepata Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Mkandarasi amepatikana, leseni nimeiona na daraja lake limemruhusu, na yeye mwenyewe ndio aliuliza kuhusu jenereta kabla sijamwambia. Mota ya mashine namba mbili imepelekwa kusukwa upya, mpaka hapo inakaa na kufuli.

Swali la mwisho kwa Mhandisi, waya mpya wa ethi tuuzike tena au tuupitishe juu? Maana shaba wataifuata tena.

Mhandisi Mkonze

Weka njia mbili tofauti, sio moja. Mmoja upite juu ukutani kwenye bomba la chuma unaonekana wote kwa macho, mwingine uzikwe kwa kina na zege juu yake pale magari yanapopita. Ukikatwa mmoja mwingine unashika. Na kila mwanzo wa mwezi fundi wenu apime mwendelezo kutoka kwenye bodi ya pani mpaka kwenye nyutro ya transfoma kwa kipimo cha ohm ndogo, nje ya uzio, kwenye nati ya kupimia ambayo mkandarasi atawawekea Jumapili hiyo. Mwambie sasa hivi aiweke kwenye makadirio yake kabla hajaanza kununua vifaa.